Mhina na Gulio la Mshahara

Mwenye njaa hatumwi sokoni. Hayo ndiyo maneno mliyomsikia shangazi yenu akimjibu Rajabu jana, alipotaka kwenda siku hiyo hiyo kumposa binti aliyemwona mara moja tu, kwa sababu wenzake wameoa na yeye amechoka kulala peke yake. Mlicheka, kisha mkaniuliza soko limeingiaje katika posa. Basi kaeni niwaeleze. Maneno hayo hayakuanzia katika posa. Yalianzia katika kapu la vyakula la mkata mkonge mmoja, na asili yake ni hii.

Zamani, mkonge ulipokuwa mkonge, kulikuwa na kambi upande wa Korogwe ikiitwa Kwenkambala. Nyumba zake zilijengwa kwa safu, zimeungana ubavu kwa ubavu, kiasi kwamba jirani akikaanga pilipili wewe ndiye unayepiga chafya. Watu walitoka kila upande wa nchi kuja kukata mkonge, na mshahara ulitolewa mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi. Siku hiyo wachuuzi walikusanyika kwenye uwanja nyuma ya ofisi, wakatandaza bidhaa zao. Watu waliliita gulio la mshahara.

Kulipwa kulikuwa na taabu yake. Wanaume walijipanga mstari tangu alfajiri bila kutia kitu kinywani, maana aliyeondoka kwenda kunywa uji alirudi akakuta nafasi yake imekaliwa. Karani aliita majina kwa mwendo wake mwenyewe, jua likipanda. Mtu alipotoka mezani na fedha mkononi, tumbo lilikuwa limeshikana na mgongo, na hatua chache tu mbele yake lilikuwepo gulio.

Wachuuzi walilijua hilo kuliko walivyojua majina ya watoto wao. Wakaanga samaki walikaa mwanzoni kabisa, upande unakotoka upepo. Wachoma nyama walifuata, kisha wauza maandazi na sukari. Wenye maharage, kunde na unga walikaa nyuma kabisa, na watu walipowafikia walikuwa wamebaki na fedha za kubahatisha.

Katika kambi ile wanaume ndio waliokwenda gulioni. Hakuna aliyeliweka kuwa sharti, ila fedha zilikuwa mikononi mwao na gulio lilikuwa njiani. Tena ilikuwa ni heshima. Mwanamume aliyepita kati ya nyumba na kapu zito begani, mkia wa samaki umechomoza, alisalimiwa kwa sauti tofauti na siku nyingine.

Katika watu hao alikuwemo mmoja akiitwa Mhina, mtu wa Handeni. Alikuwa mkataji hodari, si mlevi, wala hakuwa na mambo ya ovyo. Mkewe aliitwa Sikudhani. Baba yake Sikudhani alikuwa muuza mboga wa Mombo, na yeye alikulia nyuma ya meza ya baba yake, akisikia bei tangu hajajua kusema. Walikuwa na watoto watatu: Mwanaidi, binti mkubwa, Kaniki wa kati, na kitinda mimba wao Jumbe.

Sasa, ili mumwelewe Mhina, lazima mjue alivyokua. Baba yake alifariki angali mdogo, akachukuliwa na baba yake mdogo. Miaka hiyo mvua ilikataa Handeni, na njaa ikaingia nyumbani mle. Mke wa baba mdogo alishika ufunguo wa ghala, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Kila jioni alichota unga kwa kibaba. Kwa watoto wake kibaba kilijaa mpaka kikafanya kilima. Ilipofika zamu ya Mhina, alipitisha kiganja juu yake, akakisawazisha, kisha akapunguza kidogo tena. Mhina alijifunza kula upesi, na kuangalia sahani za wenzake kabla ya yake. Alipopata nguvu za kushika panga alitoroka akaja kukata mkonge, na njiani alijiapia kwamba akijaliwa nyumba yake, ndani yake chakula hakitapimwa.

Walipooana, siku za mwanzo kabisa, alimkuta Sikudhani akichota unga kwa kibaba. Akakichukua mkononi mwake, akatoka nacho, akampa jirani yao Bi Chausiku. Aliporudi alisema, "Katika nyumba yangu chakula hakipimwi."

Sikudhani akasema, "Haya." Kuanzia hapo akawa anapima kwa macho.

Basi kila siku ya mshahara Mhina alitoka mezani akaingia gulioni. Alianza na samaki mkubwa wa kukaanga, akala kipande palepale, kisha akanunua wa nyumbani. Akaja kwenye nyama. Akanunua mchele, siagi, sukari, biskuti za watoto, na chochote kingine ambacho jicho lake lilikitamani. Akifika nyuma, kwa wenye unga na maharage, alinunua kilichowezekana. Nyumbani watoto walimkimbilia. Juma la kwanza lilikuwa pilau, nyama na chai ya maziwa, na kwa kuwa nyama hailali, iliyobaki waligawiwa majirani, nao majirani walikuwa wameshiba kama wao. Juma la pili lilikuwa ugali na vipande vya samaki vilivyobaki. La tatu lilikuwa makopa ya muhogo kwa mlenda. La mwisho lilikuwa uji mwembamba, asubuhi na jioni, na Mhina akipitapita dukani kuomba apewe kitu hadi mwezi uishe.

Wala si wao peke yao. Kambi nzima iliishi hivyo. Mgeni aliyefika Kwenkambala bila kujua tarehe angeweza kuikisia kwa kunusa. Watu waliyaona mambo hayo kama masika na kiangazi, jambo linalokuja na kuondoka lenyewe. Sikudhani alijaribu kusema. Aliwahi kumwomba mumewe amwachie gulio mwezi mmoja tu. Mhina hakukasirika, lakini alijibu, "Mama Mwanaidi, nilishachoshwa na wanawake wanaonishikia chakula." Sikudhani hakurudia.

Kisha Jumbe akaanza kudhoofika. Alikuwa amekwisha kusimama na kupiga hatua, akishika ukuta kutoka mlango hadi mlango. Mwezi mmoja, juma la mwisho, aliacha kusimama. Alikaa tu alipowekwa, na nywele zake zikabadilika rangi. Wakampeleka zahanati, mama na baba. Nesi alimpima, akambonyeza miguu, akaangalia macho.

"Mtoto huyu anakula nini?" aliuliza.

Mhina alijibu haraka. "Anakula vizuri. Nyama anakula, samaki anakula. Mimi si mtu wa kunyima watoto."

Nesi akamgeukia Sikudhani. "Jana alikula nini, mama?"

"Uji."

"Na juzi?"

"Uji."

"Nyama ilikuwa lini?"

"Juma la mshahara."

Nesi aliandika dawa, kisha akasema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuyasema hayo kwa wengi, "Baba, mtoto hali kwa mwezi. Hula kwa siku."

Mhina alibeba maneno hayo njia nzima. Lakini sikilizeni alivyoyafahamu. Yeye aliona nyumbani chakula ni kidogo, basi dawa yake ni kingi zaidi. Mwezi uliofuata alikata mkonge mpaka jioni, akamaliza sehemu yake akashika na ya ziada. Siku ya mshahara akanunua samaki wawili badala ya mmoja, nyama kwa wingi, na kopo la maziwa ya unga kwa ajili ya Jumbe. Maziwa yale yalionekana matamu, yakatiwa kwenye chai ya nyumba nzima, yakaisha kabla ya juma la pili. Juma la mwisho uji ukarudi kama ulivyokuwa. Jumbe, aliyekuwa ameanza tena kushika ukuta, akarudi kutambaa. Siku chache baadaye hata kutambaa aliacha.

Hapo Mhina aliogopa. Aliketi kizingitini na mtoto mapajani, akasema, kama anajisemea, "Nimefanya kazi ya watu wawili. Sijui nifanye nini tena."

Sikudhani alikuwa akichambua mchunga, zile mboga chungu za porini. Akasema, "Mshahara ni wako, Baba Mwanaidi, na gulio ni lako. Mimi nina ombi moja. Jumamosi ukitoka mezani usinunue kitu. Njoo nyumbani kwanza, ule."

"Nile nini, na nyumbani hakuna kitu?"

"Hilo niachie mimi."

Mhina alimtazama mtoto. Hakusema ndiyo, wala hakusema la.

Siku zile zilizobakia Sikudhani alikwenda kumpalilia mkulima mmoja ng'ambo ya reli, akalipwa muhogo na kunde. Jumamosi ilipofika alitwanga, akasonga, akaunga kunde kwa nazi, akafunika, akangoja.

Mhina alitoka mezani jua likiwa kali. Upepo ulikuwa ukimletea harufu ya samaki kama kawaida. Mkaanga samaki alimwona, akamwita, "Mhina, wako huyu nimemweka pembeni." Mhina alisimama. Alisema baadaye kwamba miguu yake ilikwisha kugeuka yenyewe, ikawa kama anaivuta ya mtu mwingine. Akapita. Wenzake walidhani ameibiwa.

Nyumbani alikula mpaka akasogea nyuma akaegemea ukuta. Sikudhani alimpa maji, akamwacha kidogo, kisha akaketi mbele yake.

"Kesho tutakula nini?"

"Nyama," alisema Mhina.

"Na Jumatatu?"

"Nyama itakayobaki."

"Na Jumatano?"

Mhina alifikiri. "Chochote."

"Hicho chochote ndicho tunachokula mwisho wa mwezi," alisema Sikudhani. "Tukipange sasa, fedha zingali mkononi."

Wakaanza kupanga, siku baada ya siku, kwa mdomo tu. Jumapili nyama. Jumatatu maharage. Jumanne mchunga kwa nazi. Jumatano dagaa. Alhamisi kunde. Ijumaa samaki. Jumamosi mboga za majani na kilichopo. Mwanaidi alikaa karibu akiyarudia, mpaka yakamkaa kichwani kama wimbo. Kisha Sikudhani akasema juma la pili litakuwa hivyo hivyo, na la tatu, na la nne, na kwamba kila siku Jumbe atapata maharage au dagaa waliopondwa, iwe mwanzo au mwisho. Akahesabu kwa vidole kila siku inataka nini na nini. Mhina alitaja siagi. Sikudhani akamuuliza ni ya siku gani. Alitaja biskuti. Akaulizwa hivyo hivyo.

"Kisicho na siku yake hakina nafasi kapuni," alisema Sikudhani.

Mwisho akatenga fedha za nyama na za samaki wa majuma yatakayofuata, maana nyama haiwekwi, akazifunga kwenye pindo la kanga yake, kila juma na fundo lake. Mhina aliliangalia lile pindo, akageuza uso. Sikudhani hakujua ni kwa nini.

Wakaenda gulioni pamoja. Watu waliwatazama, maana haikuwa kawaida. Na hapo Mhina alishangaa. Gulio alilolizoea miaka yote lilikuwa kama la nchi nyingine. Alimwona yule samaki aliyewekewa pembeni, macho yamezama ndani, mafuta ya juzi yameganda mgongoni. Aliwaona nzi. Alimwona muuza mchele anavyozamisha kidole gumba ndani ya kipimo kila anapochota.

Akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini, "Huyu anafanya hivi siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona sikumwona?"

Walipita mpaka nyuma kabisa, kwa wenye maharage, kunde na unga. Wachuuzi wale hawakuzoea kumpata mtu mapema namna ile, fedha zake zikiwa nzima. Sikudhani hakuwa na haraka. Alitia mkono, akauma punje, akaondoka, akaitwa, akarudi. Walichukua maharage na kunde za mwezi, unga wa mwezi, dagaa wakavu, nazi, chumvi, na nyama ya Jumapili. Walipomaliza Mhina aliona bado ana fedha, akaingiwa na wasiwasi.

"Tumesahau nini?"

Wakaliweka kapu chini, wakapitia tena siku zote saba, Jumapili hadi Jumamosi. Hakikukosekana kitu.

Mngedhani hadithi imeishia hapo, lakini hapo ndipo palipokuwa pagumu. Juma lile la kwanza kambi nzima ilinukia pilau. Nyumba ya kulia waliunguza vitunguu, nyumba ya kushoto walichoma nyama, na kwa Mhina zilichemka kunde. Kaniki alilia akitaka biskuti. Bi Chausiku aliwaonea huruma, akaleta sahani ya pilau imefunikwa kawa. Mhina aliila macho yakiwa chini. Kazini wenzake walisema Mhina amefilisika. Wengine walisema mkewe amemkalia kichwani. Aliyavumilia hayo yote.

Lakini jioni moja aliingia jikoni akamkuta Sikudhani ameinama kwenye debe la unga, ana kibaba mkononi, kile kile, amekiazima kwa Bi Chausiku. Amechota, amejaza, amepitisha kiganja juu, amekisawazisha.

Mhina alisimama mlangoni. Mwanaidi, aliyekuwa akipuliza moto, alisema baadaye kwamba uso wa baba yake ulikuwa kama wa mtoto.

"Mama Mwanaidi," alisema, "nimekubali kunde. Nimekubali kuchekwa. Hili sikulikubali. Wanipimia, kama mke wa baba mdogo."

Sikudhani alikiweka kibaba chini. Habari za Handeni alizijua nusunusu tu. Alimngoja amalize, na Mhina akamaliza, akamweleza kila kitu, kile kiganja, lile pindo la kanga na ufunguo wake, zile sahani za wenzake.

"Yule alipima ili wewe usipate," alisema Sikudhani. "Mimi napima ili kesho upate."

Mhina alitoka nje, akakaa barazani mpaka chakula kikaiva na watoto wakaanza kula. Kisha akaingia.

"Kesho kipo?" aliuliza.

"Kipo. Na keshokutwa."

"Nionyeshe."

Sikudhani alimfunulia debe. Mhina alipiga magoti, akaingiza mkono ndani ya unga, ukazama mpaka kiwiko. Akauacha humo kidogo, akipapasa chini. Kisha akautoa, mweupe, akaenda kula.

Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kuketi alikwenda kwenye debe akaangalia. Sikudhani alimwacha. Juma la pili alikuwa akiangalia bado. Juma la tatu, wenzake walipoanza makopa, alikuwa akifunua mara moja tu na kufunika. Siku moja alirudi kutoka kazini, akanawa, akaketi, akala, akazungumza na watoto habari za nyoka aliyemwona shambani, akaondoka bila kwenda jikoni. Sikudhani aliliona hilo.

Ijumaa ya juma la mwisho ilifika. Kambini moshi ulikuwa mwembamba, ule wa uji. Sikudhani alifungua fundo lake, akaenda hadi Korogwe mjini kununua samaki, akamkaanga. Harufu ikatoka, ikapita safu nzima ya nyumba. Watu walichungulia milangoni, wengine wakauliza kama mshahara umetolewa mapema. Ile sahani ya Bi Chausiku ilirudi kwake na vipande vya samaki na ugali wa kutosha watoto wake, naye Bi Chausiku alikuja jioni ile ile kuuliza vile walivyopanga. Mwanaidi alimwimbia siku zote saba.

Jumbe hakupona kwa mara moja. Nywele zake zilichukua muda mrefu kurudi rangi. Lakini mwezi huo haukumrudisha nyuma, na mwezi wa pili aliuacha ukuta, akavuka chumba peke yake, akamshika baba yake goti. Nesi alipomwona aliuliza wamempa dawa gani. Mhina akasema, "Kila siku."

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe.

Mwezi wa mfungo sita uliingia, na watu wa Kwenkambala wakataka kusoma maulidi. Wakachanga. Siku ya mshahara, mstari ukiwa umesimama tangu alfajiri, Mhina alikuwa wa mwanzo kulipwa. Nyapara, msimamizi wao, akamwita mbele ya watu, akamkabidhi mchango wote.

"Mhina, wewe umekwisha kutoka. Pita hapo gulioni ukatuchukulie nyama na mchele wa maulidi, kabla vizuri havijaisha."

Mhina alizitazama fedha, akalitazama gulio. Moshi wa samaki ulikuwa ukiwajia. Akamrudishia nyapara mkononi.

"Mwenye njaa hatumwi sokoni," alisema. "Nishikie hizi, nikale kwanza."

Mstari mzima ulicheka. Walidhani anafanya mzaha. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yake alisema, "Njaa ya asubuhi moja, Mhina? Sisi sote hatujala."

"Ndiyo, na sisi sote twanunua vibaya," alisema Mhina. "Tena njaa ya asubuhi ni ndogo, naitoa kwa muhogo. Mimi nilikuja hapa na njaa niliyotoka nayo kwa baba yangu mdogo, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikishika kapu miaka yote. Mimi nilikuwa nabeba tu."

Kicheko kilikatika. Walijuana wale watu, na kila mmoja alikuja pale kutoka mahali fulani, na kitu fulani. Nyapara aliushika mchango. Mhina alikwenda nyumbani, akala, akarudi na Sikudhani, wakazunguka gulio zima kwa utulivu, na katika maulidi yale watu walikula wakabakisha chakula cha wasomaji kwenda nacho makwao.

Mwezi uliofuata wanawake kadhaa walionekana kwenye mstari wa mshahara wamebeba mabakuli ya uji na muhogo, wakiwapa waume zao humo humo mstarini. Mwezi wa pili wanawake hao walikuwa wengi zaidi. Mkaanga samaki alilalamika kwamba watu wamekuwa wagumu, wanamgeuzageuza samaki na kumtazama macho. Mwisho alihama mwanzoni mwa gulio akakaa katikati, na wenye maharage wakasogea mbele. Si wote walioacha mambo ya zamani. Wapo waliosema mshahara ni wa kula mara moja na Mungu ndiye apangaye, nao waliendelea na uji wao wa mwisho wa mwezi. Lakini hata hao walipomtuma mtoto dukani walimwambia kwanza ale.

Mkonge ulipoanguka bei, Kwenkambala ilivunjika na watu wakarudi makwao, Handeni, Lushoto, Iringa, hata ng'ambo ya mpaka. Kila mmoja aliondoka na maneno yale. Njiani yakakutana na mambo mengine. Akaambiwa hayo mtu aliyeuza shamba siku ya tatu baada ya kumzika mkewe. Akaambiwa mfanyabiashara aliyepata hasara akakimbilia kuingia ubia na mtu asiyemjua. Wakaambiwa vijana wanaotafuta mchumba ilhali wanachotafuta ni kutokuwa peke yao. Hakuna soko katika hayo yote, wala kapu, na bado watu waliyaelewa.

Wala msidhani methali inamwita mwenye njaa mjinga. Mhina hakuwa mjinga. Alikuwa mchapakazi, na aliipenda nyumba yake. Ila mtu akiingia sokoni na njaa, si yeye anayechagua. Njaa ndiyo inayochagua, naye hulipa. Na haisemi kwamba aachwe asinunue kamwe. Asikilizwe kwanza, alishwe kwanza, hata kama njaa yenyewe ni ya miaka mingi na si ya tumbo. Akishiba apewe kapu, naye atamwona samaki macho.

Mwenye njaa hatumwi sokoni.